Kijiti cha Mwanzi na Moteri Iliyochemka

Shida yangu ilianza nikiwa na miaka kumi na minne, mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba alipokufa na mwalimu wa darasa la tatu akaniambia nisirudi shuleni bila viatu. Viatu sikupata. Nilipata kazi.

Naandika haya kwa sababu vijana wa chuo cha ufundi hapa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, hunikuta nimekaa mbele ya nyumba yangu na kuniuliza: "Muzee, zamani mulikuwa munatengeneza namna gani bila kompyuta?" Nimechoka kujibu kwa mdomo. Wasome. Kalamu ni nzito kwangu, lakini mikono hii imeinua giaboksi peke yake, kalamu haitaishinda.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye shamba kubwa la pareto, ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, katika milima ya Masisi, ambako wazazi wetu walihamia kabla mimi sijazaliwa. Garaji yake ilikuwa na paa la bati, pipa la mafuta machafu, na bwana mmoja mfupi mwenye kofia ya bere na tumbo la kutosha watu wawili. Huyo alikuwa Shefu Mekanisie, yaani mkuu wa mafundi. Jina lake lingine sikuwahi kulitumia na hapa sitalitumia.

Asubuhi ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguu mitupu.

"Unajua nini?"

"Kila kitu, Shefu."

"Bon. Njoo uvute kamba."

Hapa vijana wasimame kidogo, nieleze. Trakta za wakati ule zilizotoka nchi za baridi hazikuwa na ufunguo wa kuwashia. Injini kubwa inakunywa mazutu, yaani dizeli, na ni nzito, mkono wa mtu hauwezi kuizungusha. Kwa hiyo ubavuni mwake walifunga injini nyingine ndogo ya silinda moja, inayokunywa esanse, yaani petroli. Sisi tuliita moteri ndogo. Unazungusha kamba kwenye gurudumu lake la chuma, unavuta, inalia. Halafu unasukuma mkono wa klachi, na hiyo ndogo inaizungusha ile kubwa mpaka nayo iamke. Ikiamka, unaizima ndogo, unakwenda kulima. Ndogo isipoamka, hakuna kulima, hata kama kubwa ni nzima kama ng'ombe dume.

Mimi, kwa ujuzi wangu wa kila kitu, nilizungusha kamba kwenye gurudumu, na ncha iliyobaki nikaizungusha kwenye kiganja, mara tatu, ili isiniteleze. Shefu aliona. Akarudi hatua mbili nyuma. Nikavuta.

Moteri ikapiga teke. Ndivyo tunavyosema inapogeuka na kuzunguka kinyume. Ilichukua kamba yake, na kwa kuwa kamba ilikuwa imefungwa kwangu, ilinichukua na mimi. Nilipita juu ya gurudumu la mbele, nikaingia kwenye pipa la mafuta machafu, kichwa kwanza. Shefu alikuja taratibu, akachungulia ndani.

"Kila kitu, ehn?"

Tangu siku hiyo jina langu ni Kamba. Wake kwa waume, Masisi, Goma na hapa Gisenyi, waniita Kamba. Mke wangu nilipomposa, baba yake aliuliza kama mimi ndiye yule wa ndani ya pipa.

Jioni ile Shefu Mekanisie alinifundisha somo moja tu, na somo hilo limenilisha miaka hamsini. Alisema hivi: "Sikiliza, Kamba. Buji iko inatoa moto. Moto ikikuja mbele ya saa yake, moteri inakupiga weye. Moto ikichelewa, moteri inajiunguza yenyewe. Kazi ya fundi ni kuleta moto kwa saa yake. Ile tu. Ingine yote ni kupanguza mafuta."

Sasa, saa ya moto inapimwaje? Waliosoma wanapima kwa milimita. Unafungua buji, ile plagi ya cheche, unapima pistoni iko chini kiasi gani kabla haijafika juu kabisa, na hapo ndipo manyeto, kile chombo kinachotengeneza umeme wa buji, kinatakiwa kuachia cheche. Mimi milimita sikuzijua. Darasa la tatu tulikuwa bado tunahesabu mawe. Shefu akakata kijiti cha mwanzi, akakikausha juu ya moto, akakichonga kwa kipimo chake, akatia alama moja ya kisu.

"Ingiza mu tundu ya buji mpaka iguse pistoni. Zungusha gurudumu polepole. Alama ikilingana na mudomo ya tundu, simama. Hapo njo saa. Usiulize kwa nini."

"Na manyeto?"

"Karatasi ya sigara kati ya pointi. Unageuza manyeto, unavuta karatasi kidogo kidogo. Ikiachiliwa tu, funga bulti."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Kijiti na karatasi ya sigara. Pointi ni vile vyuma viwili vidogo ndani ya manyeto: vikiachana, vinaiachilia karatasi, na hapo ndipo cheche inaruka. Halafu akaongeza neno, nami nililisikia vizuri, nisiseme leo kwamba sikulisikia: "Kijiti iko ya mufuko. Haiko ya kinywa."

Nilikaa kwa Shefu miaka kumi na miwili. Nikaenda Goma, kazi ya barabara, chini ya Konduktere, msimamizi wa kazi, aliyekuwa na filimbi. Akipiga mara moja, tunawasha mitambo. Mara mbili, tunazima. Mara tatu, mke wake amekuja kumtafuta na kila mtu aseme hajamwona. Baada ya vita tulivuka kurudi nchi ya wazazi, nikakaa miaka kadhaa kwenye mashine ya mbao Mahoko, kwa Patron mmoja aliyeogopa kelele, mwenye kiwanda cha misumeno. Popote nilipokwenda, kijiti kilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Watu wengine wanabeba rozari.

Ndipo koperative ya viazi ya Mudende ikaniita. Kule juu, chini ya volkano, walikuwa wameikuta trakta kwenye banda la zamani, imefunikwa na nyasi, kuku wanatagia kwenye kiti. Ilikuwa ya aina ileile ya Masisi. Watu waliiita Mukecuru, yaani bibi kizee. Nilipoitazama nilicheka peke yangu. Nilisafisha, nikafungua buji, nikatoa kijiti, nikaweka saa ya moto, nikavuta kamba. Mvuto wa nne, Mukecuru akakohoa, akaamka. Rais wa koperative, mkulima mrefu asiyetembea bila mwavuli hata jua likiwaka, alipiga makofi mpaka mwavuli ukamdondoka.

"Ayiwe! Muzee Kamba, we ni dogteri!"

Nililima na Mukecuru miaka mingi. Familia thelathini za koperative zilipanda viazi kwenye mistari yetu. Na mimi nikawa mtu mkubwa. Jumamosi nikishuka mjini kula mishikaki ya mbuzi na watu wa rika langu, nilitoa kijiti mfukoni ili wakione. "Hiki," nasema, "ndicho kichwa cha trakta." Wanakipitisha mkono kwa mkono, wanakirudisha kwa heshima. Na nyama ikinasa kwenye meno, kijiti si kilikuwa mkononi tayari?

Nasema ukweli kwa sababu nimezeeka na hakuna wa kunifukuza kazi.

Basi, msimu mmoja, si zamani sana, Mukecuru alianza kuugua. Moteri ndogo inawaka vizuri, tena kwa mvuto wa kwanza, lakini ikifika dakika tatu inachemka. Maji yanatoa mvuke, bomba la moshi linakuwa jekundu kama jicho la mlevi, nguvu inakwisha, inazimika. Na Mudende asubuhi ni baridi, mafuta ya injini kubwa yanaganda kama ugali. Dakika tatu hazitoshi kumwamsha bibi kizee. Mvua ilikuwa imeanza, mbegu za viazi zimechipua ghalani, wamama wamesimama kando ya shamba na majembe wakinitazama mimi.

Koperative ilikuwa imeletewa Injenia kutoka Kigali. Dada mdogo, mwembamba, wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, basi Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikuwa na daftari, na kwenye kiboksi chenye kitambaa laini, kipimo cha chuma cha kupimia milimita.

"Shikamoo mzee. Naomba tuangalie saa ya cheche kwanza."

"Saa iko sawa," nikamwambia. "Niliiweka mimi."

"Uliiweka kwa kipimo gani?"

"Kwa kipimo kilichokuwa kinafanya kazi mama yako akiwa hajaolewa."

Akaandika kitu kwenye daftari. Sikupenda alivyoandika polepole.

Nikaanza kutafuta, na vijana mkipata moteri ndogo inayochemka, tafuteni kwa mpangilio huuhuu, ni mzuri, ubaya ulikuwa kwangu. Kwanza maji. Moteri ndogo haina pampu yake ya maji. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwenda injini kubwa, ya baridi yanashuka. Radiateri ikipungua kidogo tu, koti la silinda linabaki kavu. Nikatazama: imejaa. Pili mafuta. Moteri hii haina mafuta ya chini. Unachanganya mafuta ndani ya esanse, ukisahau pistoni inakauka na kukwaruza. Nikachanganya upya mwenyewe: bado inachemka. Tatu masizi. Bomba la moshi likiziba, moto unakosa njia. Nikalifungua, nikalikwangua kwa waya: lilikuwa na masizi ya kawaida tu. Nne hewa. Karabirateri, inayochanganya esanse na hewa, ikinyonya hewa ya wizi, esanse inakuwa nyepesi na moto unakuwa mkali. Nikabadilisha gasketi. Mukecuru akachemka kama kawaida, tena nadhani kwa dharau.

Nikasema esanse ni mbovu. Tukaleta nyingine. Nikasema buji imechoka. Tukabadilisha. Ijumaa Rais wa koperative akafungua mwavuli wake, akasimama mbele yangu.

"Muzee Kamba. Hii chuma inakunywa esanse na haileti hata musitari moja. Kamati imekata neno. Kuna watu wa vyuma chakavu, lori yao inakuja lundi, Jumatatu asubuhi. Mukecuru isipowaka mbele yao, wanaikata vipandevipande, wanabeba."

"Na mimi?"

Akatazama pembeni. "Fundi bila trakta atafanya nini, muzee?"

Injenia alikuwa amesimama pale na kiboksi chake. "Mzee wangu, niruhusu nipime mara moja tu. Dakika tano."

Nikamjibu, "Manyeto hii haiguswi na mtu aliyezaliwa juzi." Nikashuka nyumbani na spana zangu.

Mke wangu, Mama Solange, alinikuta napanga upya spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Umegombana na nani?"

"Na mtoto mwenye daftari."

"Yeye anasema nini?"

"Anataka kupima."

"Na we unaogopa apime?"

Mwanamke huyu tumeishi naye miaka arobaini. Hajui tofauti ya bulti na nati, lakini swali lake liliingia mahali pake. Sikulala vizuri. Jumamosi asubuhi nikavaa koti, nikashuka Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa kwenda Goma, nikajipanga kwenye mstari na wamama wa nyanya na vitunguu. Shefu Mekanisie alikuwa bado hai, anaishi Goma kwa binti yake. Nilitaka aniambie kwamba saa yangu iko sawa, nirudi niwanyamazishe wote.

Pale mpakani kijana wa ukaguzi akanigusa mfuko wa shati. "Hii ni nini, muzee?"

"Kipimo cha trakta."

Akakitazama, akanitazama, akamwonyesha mwenzake. "Hii ni kya meno." Wakacheka. Nikawaona wajinga.

Shefu alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, macho yameingia ukungu, haoni tena ila mwanga. Tumbo lilikuwa limekwenda, bere ipo. Nilimwamkia, akasikiliza sauti.

"Kamba! Umetoka mu pipa?"

"Nimetoka, Shefu."

Nikamweleza yote: maji, mafuta, masizi, hewa, buji. Alitikisa kichwa kwa kila jambo, kama padri anayesikiliza dhambi ndogo akingojea ile kubwa.

"Bomba inakuwa nyekundu?"

"Nyekundu kabisa."

"Na kamba? Inakupigaka teke?"

Hapo nikajivuna. "Shefu, hiyo ndiyo kazi nzuri niliyofanya. Miaka hii haipigi teke hata kidogo. Imekuwa pole kama kondoo. Hata mtoto anaweza kuivuta."

Shefu akavua bere, akaiweka gotini. Halafu akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, mpaka binti yake akachungulia kutoka jikoni.

"Kamba, moteri ile ni ya hasira. Mungu aliiumba hivyo. Ikikuwa pole, njo inakufa. Moto inachelewa! Inawaka nyuma, inatokea mu bomba, bomba inakuwa nyekundu, maji inachemka. Nilikuambia siku ya kwanza. Leta kijiti."

Nikampa. Akakipitisha kwenye vidole vyake, polepole, kutoka ncha mpaka alama. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye alama, akapima kwa kiungo cha kidole. Akarudia. Akapeleka ncha puani, akanusa.

"Mbuzi," akasema.

"Shefu..."

"Hii haiko kijiti yangu. Yangu ilikuwa inapita kiungo ya kidole. Hii haifike. Kamba, umekula saa ya moto!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nachokonoa meno. Ncha ikichakaa na kuwa kama brashi, mimi, mtu msafi, mtu wa heshima, nilitoa kisu nikaichonga ikae vizuri. Kidogo leo, kidogo mwakani. Kijiti kikawa kifupi. Kijiti kikiwa kifupi, alama inafika mdomo wa tundu pistoni ikiwa imeshapanda sana. Na hapo mimi nafunga manyeto kwa uhakika wote, nikiamini nimeweka saa, kumbe kila mwaka naichelewesha. Mukecuru akawa mpole, nikajisifu. Mukecuru akachemka, nikalaumu esanse.

"Nikatie kingine, Shefu," nikamwomba.

"Na macho gani? Milimita ngapi mimi sijui tena, nilijua kwa jicho. Nenda tafuta mutu ya kupima."

Nilirudi kwa miguu mpaka mpakani, sikutaka pikipiki. Jumapili nilipanda Mudende baada ya misa. Injenia alikuwa kwenye ofisi ya koperative na Rais, wanaandaa karatasi za lori. Ningeweza kumwita nje. Lakini matusi nilimpa mbele ya watu, basi na hili nilisema mbele ya Rais, nimesimama, kofia mkononi.

"Injenia, nimekuja unipimie. Kipimo changu nimekila."

"Umekifanya nini, mzee?"

"Nimekila. Na nyama ya mbuzi. Miaka kumi na tano."

Rais alifungua mwavuli ndani ya nyumba, nadhani apate mahali pa kuficha uso. Injenia hakucheka. Alichukua kijiti, akakiweka kwenye kipimo chake cha chuma, akatazama kitabu cha trakta alichokuwa amekitafuta wiki nzima, akasema, "Kimepungua milimita tatu na kitu. Mzee, njia yako ilikuwa sahihi kabisa. Kijiti tu."

Tukaenda bandani. Yeye alipima, mimi nikageuza manyeto na karatasi ya sigara, maana kwa hiyo karatasi yeye hakuwa na mkono. Aliijaribu mara mbili akaichana. Nilifurahi, nisidanganye.

Jumatatu lori lilikuja na watu sita, mitungi ya gesi na mkasi wa chuma. Wamama wote wa koperative walikuwepo. Rais akataka kuvuta kamba mwenyewe, kwa kuwa yeye ni Rais. Akaizungusha kwenye kiganja.

"Fungua mkono, Rais," nikamwambia.

"Lakini ulisema iko pole."

"Ilikuwa mgonjwa. Sasa imepona. Fungua mkono!"

Akafungua, akashika ncha kwa vidole. Akavuta. Moteri ikapiga teke, paa! Kamba ikamtoka, ikaruka, ikamvua kofia dereva wa lori. Wamama wakapiga kelele. Na mimi, wallahi, machozi yalinitoka, kwa sababu hilo ndilo teke la Masisi, nilikuwa sijalisikia miaka mingi.

Mvuto wa pili ikalia. Injenia akatazama saa ya mkononi. Dakika tatu, bomba jeusi. Dakika tano, maji yametulia. Dakika ya saba nikasukuma klachi, Mukecuru akazunguka, akatoa moshi mweupe, mweusi, akaamka kwa sauti ile ya kifuani. Watu wa vyuma chakavu wakapakia mkasi wao. Saa nne tulikuwa tumeshakata mistari ya kwanza, na wamama nyuma yetu wanadondosha mbegu.

Injenia aliandika ripoti. Nilimwomba anisomee. Palipoandikwa sababu ya hitilafu, aliandika: meno ya fundi. Nikasema ni sawa, ni kweli, weka muhuri.

Nilifanya kazi misimu miwili zaidi, nikastaafu kwa hiari. Sasa kamba anaivuta Injenia, na haifungi mkononi. Nimewaambia vijana yote niliyojua, na moja ambalo sikutaka kulijua: mtu anaweza kuwa sahihi miaka kumi na tano na kila mwaka akapunguza kidogo, bila kuona, kwa sababu kisu ni chake na meno ni yake. Mwenye kipimo akija na kiboksi chake, mwacheni apime.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, bati jipya. Ng'ombe wawili Mudende, mmoja anatoa maziwa. Kipande cha shamba la viazi. Sanduku la spana, imepotea moja, namba kumi na saba, na aliyenayo namjua. Mke mmoja, yuleyule. Viatu jozi tatu. Kijiti kimoja cha shaba alichonichongea Injenia, kipo kwenye kiboksi chenye kitambaa. Na kijiti kimoja cha mwanzi, kifupi, kwenye mfuko wa shati. Hicho sasa ni cha meno.